Mwenyekiti anataka tovuti ya SACCO ifanane kila brauza, mwanachama asiyeona hawezi tena kuomba mkopo. Nafanyaje?

divelopa_ntinda:

Habari zenu wakubwa. Niko na kazi hapa Kampala inanipasua kichwa, naombeni mawazo ya waliotangulia.

Kuna SACCO moja (jina naliacha) ina tovuti ya wanachama, unaingia unaona akiba yako, unaomba mkopo, unapakua stetimenti, basi. Dizaina aliyekuwepo aliondoka kazi ikiwa nusu, mimi nimeitwa kumalizia. Shida ilianzia kwenye kikao cha bodi, kila mtu akatoa chombo chake akafungua, mwenyekiti ana iPhone, katibu ana Tecno na anatumia Opera Mini kwa sababu ya MB, mhasibu yuko kwenye kompyuta ya ofisi na Firefox. Wakaanza kulinganisha, mbona kwangu batani zimeviringwa kwako zina kona, mbona herufi zako nene hivyo, mbona menyu ya katibu ina visanduku vitupu mahali pa aikoni, mwenyekiti akakasirika akasema kazi haijaisha, anataka ifanane kila mahali kama kalenda ya SACCO iliyotoka kwa mpiga chapa.

Huyo dizaina alikuwa ameshaanza kuufukuzia huo ufanano. Visanduku vya kuchagua (select) amevitoa vyote akaweka div zake na JavaScript (kodi inayofanya ukurasa utende), ile mistari ya fokasi (inayozunguka kitu ulichokifikia) ameifuta kwa outline: none, zumu ameifunga kwenye meta viewport, herufi ni pikseli 13 kila mahali. Na bado havifanani!

Sasa kaja mzee mmoja ofisini, mwanachama wa siku nyingi, haoni, anatumia simu na TalkBack, ile programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti. Anasema tovuti ya zamani alikuwa anaomba mkopo mwenyewe, hii mpya akifika pale pa "aina ya mkopo" simu inasoma maneno lakini hakuna kinachofunguka, kwa hiyo anampa mpwa wake neno la siri amjazie. Banange, neno la siri la akaunti ya pesa. Mhasibu ananiambia nimsaidie huyo mzee ila mwenyekiti asione fomu imebadilika sura.

Swali langu: vyote viwili vinawezekana? Kama haviwezekani nianze kuacha kipi, na huyo mwenyekiti ambaye ndiye anasaini malipo yangu nimwambie nini?

mzee_wa_kodi (Jinja):

Kijana, pole na kazi. Mwenyekiti amechanganya mambo mawili na hujamtenganishia. Kufanana kwa kazi ni jambo moja, maana yake kila mwanachama mwenye simu yoyote anaomba mkopo akamaliza. Kufanana kwa picha ni jambo lingine. La kwanza unalidaiwa kabisa, la pili hakuna anayeweza kukupa, hata waliotengeneza hizo brauza hawawezi. Chrome inatumia injini ya Blink tangu 2013, Firefox ina Gecko, kwenye iPhone karibu kila brauza unayoweka ndani yake ni WebKit ya Safari hata ikiwa na jina la Chrome, na kila injini inachora herufi na fomu kwa mkono wake. Ukianza kupigana na hilo utapigana mpaka uzeeke.

Tuingie kwenye select, yaani kisanduku cha kuchagua, maana ndipo pamemuumiza huyo mzee. Tagi ya select ya kawaida inakuja na vitu vingi ambavyo havionekani kwa macho. Inajitambulisha kwa TalkBack kwamba mimi ni orodha ya kuchagua, inataja jina lake kama umeifungia lebo vizuri, inasema kipi kimechaguliwa sasa hivi, kwenye kompyuta unaingia kwa Tab unashuka kwa mishale, unaandika herufi ya kwanza inaruka, unabonyeza Esc inajifunga. Div haina hata kimoja. Div ni sanduku tu, ukitaka iwe na hayo yote itabidi uyaandike mwenyewe moja moja na ARIA (alama za kuiambia programu ya kusoma skrini kitu ni nini), na watu wengi wanaandika lile la kubofya kwa kidole halafu wanasema imeisha. Hicho ndicho kilichotokea hapo kwenu.

Kwa hiyo rudisha select. Lakini si lazima irudi na sura mbaya! Hapa ndipo watu wanapokosea wanadhani ni ama hivi ama vile. Lile sanduku lililofungwa, lile ambalo mwenyekiti analiona ukurasa ukifunguka, hilo unaweza kulivalisha unavyotaka, weka appearance: none, mpaka wako, rangi yako, mshale wako mdogo pembeni, na litakaribiana sana kwenye Chrome, Safari na Firefox. Usichogusa ni orodha inayofunguka. Android itafungua ya kwake, iPhone itafungua ya kwake, na hiyo ndiyo orodha ambayo mwenye simu ameizoea kila siku. Kwenye visanduku vya tiki na vile vya duara usihangaike kuchora, tumia accent-color upate rangi ya SACCO, brauza zote kubwa zinaikubali tangu Safari 15.4 ilipotoka Machi 2022.

Chrome mpya wameleta namna ya kuivalisha hata ile orodha ya ndani, appearance: base-select, ilianza toleo la 135 mwaka 2025. Ni nzuri, itumie kama nyongeza, brauza isiyoijua inaonyesha select ya kawaida tu na hakuna kinachovunjika.

data_ni_pesa:

mi naona mnamzungusha kijana. mwambie katibu aweke Chrome, kwisha. Opera Mini ya nini miaka hii

KaBusia:

@data_ni_pesa ndugu yangu jina lako mwenyewe linakujibu 😂 Njoo huku Busia uone nani hana Opera Mini. Tangu Julai 2021 tunakatwa asilimia 12 juu ya kila data tunayonunua, ile kodi iliyokuja baada ya ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, halafu unamwambia mtu aache brauza inayombania MB? Mwanachama wa SACCO si mtu wa ofisi yenye WiFi, ni mama wa sokoni amenunua bando la siku.

Na @divelopa_ntinda nikueleze kwa nini katibu anaona vile, halafu hutakasirika tena. Opera Mini ikiwa kwenye mode ya Extreme haifungui ukurasa ndani ya simu, inaomba seva za Opera zifungue, zinaubana, simu inaletewa kitu ambacho ni kama picha yenye linki. Fonti za mtandaoni haileti, kwa hiyo aikoni zako kama ni fonti ya aikoni ndiyo hivyo visanduku vitupu. Kona za kuviringa haichori, vivuli haichori. JavaScript inakimbia huko huko kwenye seva kwa muda mfupi halafu inasimamishwa, kila ukibofya kitu ombi linarudi seva. Sasa fikiria ile dropdown ya div inayotegemea JavaScript ya kufungua na kufunga kwa mbwembwe, huko imekufa au inakwama kwama. Select ya kawaida na fomu ya kawaida yenye batani ya kutuma inapita bila shida.

Yaani umeona? Kinachomkwamisha mzee wa TalkBack ndicho kinachomkwamisha katibu wa Opera Mini. Ukimtengenezea mmoja umewatengenezea wote wawili na hili ndilo la kumwambia mwenyekiti, kwamba katibu wake naye yumo.

Aikoni weka SVG (picha ya kuchora, siyo fonti) na neno pembeni yake. Neno! Usiache kijumba peke yake ukategemea mtu ajue ni "Mwanzo".

Sikio_la_Lira:

Nimesoma mpaka hapa nikasema niingie maana mnanizungumzia mimi. Sioni, natumia TalkBack kwenye simu na NVDA, inayosoma skrini, kwenye kompyuta (NVDA ni ya bure jamani, msije mkasema hamna pesa ya kujaribia).

Kitu kimoja wenye macho hamkioni. Mnasema tovuti ifanane kila brauza. Kwangu kufanana ni kitu kingine, ni tovuti yako ifanane na simu yangu. Mimi simu yangu nimeijua, natelezesha kidole kulia inasoma kinachofuata, nagonga mara mbili kinafunguka, nikisikia "orodha kunjuzi" najua cha kufanya, nikisikia "batani" najua. Hiyo select ya kawaida kwenye tovuti ya benki, ya shule, ya hospitali inasema maneno yaleyale, nimeshajifunza mara moja nimemaliza. Sasa kila dizaina akibuni ya kwake ili ifanane kati ya Firefox na Safari, ambazo mimi sizitumii zote mbili kwa wakati mmoja na hakuna mwanachama anayefanya hivyo isipokuwa bodi yenu siku ya kikao, basi kila tovuti kwangu inakuwa lugha mpya.

Kwenye NVDA nikibonyeza herufi C naruka moja kwa moja kwenye kisanduku cha kuchagua kinachofuata, B naruka kwenye batani, H kichwa cha habari. Ndivyo ninavyosoma ukurasa kwa haraka. Div zenu hazimo kwenye hiyo safari, napita juu yake kama haipo. Au naikuta imesoma "Chagua aina ya mkopo" kama maneno tu ya kawaida, nagonga, pengine imefunguka lakini vile vitu vya kuchagua vimewekwa mwisho kabisa wa ukurasa chini ya haki zote zimehifadhiwa, nitajuaje?

Na huyo mzee kumpa mpwa neno la siri, hilo msilichukulie kama kero ndogo. Mpwa akijua akiba ya mzee, akijua mkopo wake, hata akiwa mtoto mwema, ile siri imeshaondoka. Mwenye macho anaificha stetimenti yake mfukoni, sisi tunaisomewa na jirani.

Vingine viwili vitatu vya haraka. Lebo ziwe lebo, ile kuandika "Namba ya simu" ndani ya kisanduku kwa rangi ya kijivu halafu inapotea mtu akianza kuandika haisaidii mtu yeyote. Kosa likitokea liandikwe kwa maneno karibu na kisanduku chake, siyo mpaka mwekundu peke yake. Na angalia lang, ile alama ya lugha ya ukurasa, juu kabisa! Templeti nyingi zinakuja na lang="en", maandishi ni Kiswahili, basi simu inasoma "mkopo wa dharura" kwa ulimi wa Kiingereza, hutaelewa hata kama ni wewe uliyeandika. Weka sw. Kama kuna kipande cha Luganda weka lg kwenye kipande hicho, cha Acholi weka ach.

mkufunzi_bwera:

Naheshimu wote mliosema lakini mimi nitapingana kidogo, msimtupe mwenyekiti hivyo.

Mimi ninafundisha vikundi vya akina mama huku Kasese kutumia simu kwa mambo ya akiba. Unakaa na watu chini ya mwembe, kila mmoja na simu yake, unasema "bonyeza batani ya kijani iliyoandikwa Tuma". Sasa huyu anasema kwangu si kijani ni kijivu, huyu anasema kwangu imeandikwa Submit, huyu yake iko juu, mwingine ameshafunga simu ameona aibu. Watu ambao kusoma kwao ni kwa shida wanakumbuka mahali na rangi, hawakumbuki maneno. Na mwenzao jirani ndiye mwalimu wao, mimi nikiondoka wanaulizana, kama simu ya jirani haifanani na yake hawezi kusaidiwa. Kwa hiyo kufanana si mambo ya urembo tu ya mwenyekiti mwenye iPhone, kwa watu wetu kufanana ni ufikivu pia, yaani ndiko kunakowawezesha kuitumia.

mzee_wa_kodi (Jinja):

@mkufunzi_bwera umesema kweli nyabo, na hilo ningelisahau. Ila angalia ulivyotaja wewe mwenyewe: rangi, neno lililoandikwa, mahali ilipo. Hukutaja kivuli, hukutaja kona zimeviringwa kiasi gani, hukutaja fonti. Hayo matatu yanawezekana kwenye brauza zote mpaka Opera Mini ya Extreme, rangi ya nyuma inachora, maneno ni yaleyale, mpangilio ukiufanya wa safu moja kwenye simu unabaki palepale. Ile "Submit" inatokea mtu akiweka input ya submit bila kuandika value, brauza inajiandikia kwa lugha ya simu. Andika "Tuma ombi" wewe mwenyewe imekwisha.

WCAG, ile miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, nayo inadai kitu cha namna hiyo, toleo la 2.2 la Oktoba 2023 na hata yaliyotangulia: menyu iwe na mpangilio uleule kurasa zote, na kitu chenye kazi ileile kiitwe jina lilelile. Inazungumzia kurasa za tovuti moja, lakini nia ndiyo hiyohiyo ya mama zako wa Bwera. Kwa hiyo @divelopa_ntinda ukiniuliza mstari uuchore wapi, vinavyolazimika kufanana kila mahali ni mpangilio, maneno, rangi kuu na ukubwa wa kutosha kwa kidole. Vingine viache brauza ifanye inavyojua.

Ukubwa wa kidole, WCAG 2.2 kiwango cha AA inataka angalau pikseli 24 kwa 24 za CSS (lugha ya kupangia sura ya ukurasa), mimi naweka 44 maana vidole vya mkulima si vya dizaina.

divelopa_ntinda:

Asanteni sana wakubwa, nimeanza kupata mwanga. Select narudisha leo leo.

Mnisaidie mawili yaliyobaki. Ule mstari wa fokasi, mwenyekiti aliuchukia tangu mwanzo, akibonyeza batani inazungukwa na duara la bluu kwenye kompyuta anasema "ni kama imeharibika", na Firefox inachora tofauti na Chrome. La pili zumu, nikiifungua kwenye iPhone ukurasa unaruka wenyewe ukigusa kisanduku cha kuandika, nadhani ndiyo sababu yule dizaina aliifunga.

mzee_wa_kodi (Jinja):

La zumu ni rahisi mpaka utacheka. Safari ya iPhone inajikuza yenyewe ukigusa kisanduku ambacho herufi zake ni chini ya pikseli 16. Weka herufi za visanduku 16 au zaidi, hairuki tena, na mwenyekiti atafurahi kwamba anasoma bila miwani. Ile user-scalable=no iliyofunga zumu ifute. Kwenye iPhone yenyewe Safari imeacha kuitii tangu iOS 10 ya mwaka 2016, kwa hiyo unachofanya ni kumfungia mtu wa Android tu, na huko anaweza kuivunja akiingia kwenye mipangilio ya ufikivu ya Chrome lakini ni wangapi wanaijua? Tovuti inatakiwa ikuzike mpaka asilimia 200 bila kitu kukatika. Jaribu kwenye kompyuta kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Utaona batani zilizopewa height ya pikseli maandishi yanatoka nje. Badilisha iwe min-height na padding, na saizi za herufi ziwe rem (zinafuata saizi aliyochagua mtu kwenye brauza yake), siyo px.

Sasa fokasi. Hii ina historia. Mwaka 2007 Eric Meyer, mtaalamu wa CSS, alitoa ile reset yake (mistari ya kufuta mitindo ya brauza) iliyosambaa kila kona, watu wakiitumia ili brauza zote zianzie mahali pamoja, yaani shida yako hii hii. Ndani yake kulikuwa na mstari wa kuondoa outline kwenye :focus, na juu yake yeye mwenyewe aliandika maelezo kwamba ukumbuke kuweka mtindo wako wa fokasi. Watu wakanakili mstari, maelezo hawakuyafuata. Toleo lake la 2011 mstari ule hauko tena lakini tabia ilishaota mizizi, mpaka leo unakuta outline: none kwenye templeti ya juzi.

Dawa yake ni :focus-visible. Mtu akibofya batani kwa kipanya au kidole mstari hautokei, akitembea kwa Tab unatokea. Mwenyekiti hauoni, anayeuhitaji anauona, hakuna aliyepoteza. Brauza zote kubwa zinayo tangu 2022. Na ukiuchora wewe mwenyewe, mfano outline ya pikseli 3 rangi nzito yenye nafasi kidogo ya outline-offset, utafanana Firefox na Chrome, kwa hiyo hapa ufanano na ufikivu vimekwenda pamoja bila ugomvi. Visanduku vya kuandika vitaendelea kuonyesha mstari hata ukigusa kwa kidole, hiyo ni kawaida, iache.

Tahadhari moja, usiuchore kwa box-shadow. Kuna watu wa Windows wanaowasha ile kontrasti kali, brauza inatupa rangi zako na vivuli vyako vyote inaweka za kwao, box-shadow inapotea kabisa na fokasi nayo. Kama mwenye kazi amekung'ang'ania kivuli, weka pamoja nacho outline ya pikseli 2 yenye rangi transparent. Huioni siku za kawaida, lakini kontrasti kali ikiwashwa inapata rangi yake inatokea.

dada_wa_rangi:

Mimi ni dizaina, Mbarara, naona dizaina wa kwanza amepigwa mawe ya kutosha 😅 niwasemee wenzangu kidogo. Mara nyingi sisi tunapewa kazi tuchore picha kwenye Figma (programu ya kuchorea sura za tovuti), mteja anaidhinisha picha, halafu picha inakuwa mkataba. Ndiyo maana mwenyekiti anadai ifanane, aliuziwa picha. Kwa hiyo kabla hujagusa kodi (code) nyingine mwoneshe kitu hai kwenye simu tatu tofauti kwa pamoja, na andika kwenye makubaliano maneno mawili, kwamba kila brauza itafanya kazi zote hizi zilizotajwa, na sura inaweza kutofautiana kidogo. Mimi sichori tena batani ya mwisho-mwisho bila kuonyesha sura yake kwenye fokasi, kwenye kosa, na herufi zikiwa kubwa mara mbili.

Halafu angalia rangi za SACCO. Nyingi ni njano au dhahabu na wanapenda maandishi meupe juu yake. Nyeupe juu ya dhahabu ya #FFD700 inapata kontrasti kama 1.4 kwa 1, wakati maandishi ya kawaida yanatakiwa 4.5 kwa 1 na yale makubwa 3 kwa 1. Weka nyeusi juu ya dhahabu hiyohiyo unafika karibu 15. Hujabadilisha rangi ya chama, umebadilisha ya herufi tu. Na hapo usiongee habari za ulemavu kama unajua mwenyekiti hasikii, mtoe nje saa saba mchana mpe simu yake mwangaza ukiwa chini, atakubali mwenyewe.

Fonti usipakie uzito wanne wa fonti moja ili herufi zifanane. Katibu hazimfikii hata, wengine wanazilipia. Fonti ya simu yenyewe, system-ui, inatosha kwa fomu ya mkopo.

KaBusia:

Akikataa bado, mtajie sheria pia. Katiba ya 1995 ibara ya 21 inakataza ubaguzi na imetaja ulemavu kwa jina, na kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inakataza kumbagua mtu kwenye kupata huduma. Ila hili liwe la mwisho, ukianza na sheria atamwita wakili badala ya kukulipa.

data_ni_pesa:

haya nimekubali, katibu abaki na Opera yake 😂 lakini swali la kweli, hii yote atajaribia wapi? si kila mtu ana iPhone na Tecno na kompyuta mezani

divelopa_ntinda:

@data_ni_pesa iPhone nitaazima ya mwenyekiti mwenyewe, atajionea. Opera Mini naweka kwenye simu yangu na kuiacha Extreme. TalkBack iko ndani ya Android tayari, nimeiwasha nikahangaika hata kuizima, sasa naelewa kwa nini @Sikio_la_Lira anasema ni lugha. Firefox na NVDA kompyuta ya mhasibu. Vitu kama accent-color naangalia caniuse, tovuti inayoonyesha brauza ipi inakubali nini, kwanza kabla sijaviamini.

Nilivyofanya mpaka sasa: select imerudi na nimeivalisha nje tu, outline nimeiweka kwa :focus-visible rangi ya kijani nzito, herufi 16, zumu wazi, lang sw, aikoni SVG na maneno pembeni. Menyu nimeiandika kwa ul na nimeondoa vile vidoti kwa list-style: none, natumaini hiyo haina shida?

mzee_wa_kodi (Jinja):

Hiyo ina kashida kadogo kwenye Safari. Ukitoa vidoti, VoiceOver, yaani TalkBack ya iPhone, inaacha kuitaja kama orodha. Kama menyu iko ndani ya nav huwa wanaiacha iwe orodha, lakini orodha nyingine za ukurasa, kwa mfano ile ya mikopo, ongeza role="list" kwenye ul. Chombo cha kukagua kodi (code) kinaweza kukuambia ni ya ziada, ipuuze.

Sikio_la_Lira:

Ukiwa tayari nitumie linki inboksi niipitie na TalkBack kabla ya huyo mzee. Ila fungua akaunti ya majaribio tafadhali, mara ya mwisho nilipomkagulia mtu fomu nilipigiwa simu kesho yake nilete wadhamini wawili.